DAU LA MNYONGE NDANI YA MASHINE

Waswahili husema dau la mnyonge haliendi joshi. Waliosema hivyo walikuwa wakitazama baharini, wakiona chombo kidogo kisicho na tanga la kutosha wala mabaharia wa kutosha kikishindana na upepo. Siku hizi, na hasa katika jiji la Nairobi, neno dau husikika zaidi kwa maana yake ya pili: ile sarafu ambayo kijana huitumbukiza katika tundu la mashine akitumaini kwamba zitamrudia kumi. Dau hilo nalo, ndugu msomaji, haliendi joshi. Makala haya yanataka kueleza kwa nini haliendi, ni nani aliyepewa kazi ya kulitazama, na linatuhusu vipi sisi watu wa pwani ambao dini yetu imekwisha kuikataza kamari tangu zamani.

Yamkini atatokea msomaji aseme: "Haramu ni haramu, ya nini kujadili ukaguzi wake?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalirudia. Lakini kwanza tuitazame hali yenyewe.

KUTOKA MUSEUM HILL HADI KAWANGWARE

Sheria ya Kenya kuhusu kamari na bahati nasibu ilipitishwa mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya uhuru. Sheria hiyo, iliyojulikana kama Sura ya 131, ndiyo iliyounda bodi ya kudhibiti kamari na kutoa leseni zake. Haukupita muda mrefu, International Casino ikawa inawaka taa zake pale Museum Hill, mwanzo wa barabara iendayo Westlands. Wateja waliokusudiwa walikuwa watalii na watu wenye nafasi. Mlango ulikuwa mmoja, walinzi walikuwapo, na mkaguzi aliyetaka kuhesabu mashine aliweza kuzihesabu zote kwa asubuhi moja.

Kwa mtu wa kawaida wa Nairobi, neno kasino lilimkumbusha sinema. Casino Cinema ya River Road ilikuwa nyumba ya picha, na jina lake bado hutumiwa na watu kuelekezana njia katika sehemu ile ya mji. Aliyesema anakwenda Kasino huenda alikuwa anakwenda kutazama filamu au kupanda basi tu.

Mambo yalibadilika katikati ya miaka ya 2010. Ziliingia nchini mashine ndogo zilizotengenezwa China, za rangi kali na taa za kumetameta, zenye kupokea sarafu za shilingi 10 na 20. Hazikuhitaji jumba wala zulia. Mashine moja yatosha kusimamishwa pembeni mwa duka, kinyozi, baa au bucha, ikafungwa kwa mnyororo ukutani isije ikaibwa, nayo ikaanza kazi. Zikaenea katika vichochoro vya katikati ya mji, zikapanda magharibi hadi Kangemi, Kawangware, Uthiru na Dagoretti, na zikatoka Nairobi kwenda vijijini. Huku pwani pia tuliziona.

Mwenye duka aghalabu si mwenye mashine. Mwenye mashine huja kwa siku zake, hufungua sanduku kwa ufunguo wake, hugawana na mwenye duka yaliyomo, kisha huenda zake. Anayecheza hajui mwenye mashine ni nani, anaishi wapi, wala amlalamikie nani pindi sarafu inapomezwa na taa zikazimika.

Na waliocheza si watalii. Walikuwa vibarua wa mjengo, waendeshaji pikipiki, wachuuzi wa soko na, la kusikitisha zaidi, watoto wa shule waliotumwa dukani kununua unga. Mwaka 2018 serikali, chini ya Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati ule, Fred Matiang'i, iliendesha msako katika nchi nzima. Mashine zilikusanywa na nyingine zikateketezwa hadharani. Moshi ulipotoweka, biashara haikutoweka. Misako mingine imefuata katika miaka ya baadaye, jambo linaloonyesha kwamba kuchoma mashine ni rahisi kuliko kuzuia nyingine isiletwe.

NDANI YA SANDUKU

Ili tuelewe kwa nini mashine hizi zahitaji mkaguzi, hatuna budi kufungua sanduku tutazame ndani.

Mashine ya kwanza yenye sifa ilitengenezwa San Francisco, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na fundi aliyeitwa Charles Fey. Aliiita Liberty Bell. Ilikuwa na magurudumu matatu, kila moja likiwa na vituo 10. Ukizidisha kumi mara kumi mara kumi unapata 1,000, na hiyo ndiyo idadi ya mipangilio iliyowezekana. Mchezaji mwenye subira aliweza kukaa mbele yake, akahesabu picha, akajua nafasi yake ni kiasi gani. Alikuwa akiliwa, lakini aliliwa na kitu alichokiona kwa macho yake.

Mashine za leo ni kompyuta. Picha zinazozunguka hazichagui chochote. Ukibonyeza kitufe, programu iliyo ndani ya kipande kidogo cha kielektroniki huchagua namba kwa kubahatisha, na namba hiyo huamua picha zisimame wapi. Zote zikizunguka kwa madaha, hukumu imekwisha kutolewa. Mwaka 1984 mhandisi Inge Telnaes alipewa hataza nchini Marekani kwa ugunduzi wa namna hii. Kwa ugunduzi huo gurudumu unaloliona laweza kuwa na picha 20, ilhali gurudumu lililofichwa ndani ya programu lina nafasi nyingi zaidi. Picha ya ushindi mkubwa yaweza kuonekana kwako kama moja katika ishirini, kumbe ndani imepewa nafasi moja katika mamia. Tena picha hiyo yaweza kusimama mara kwa mara juu kidogo au chini kidogo ya mstari, hata mchezaji akadhani kwamba alikosea kwa unywele. Hakukaribia hata kidogo.

Sasa tufanye hesabu. Chukua mashine iliyo safi kabisa, iliyopangwa kurudisha asilimia 90 ya fedha zote zinazochezwa. Kwa masikio inasikika kama ukarimu. Mtu anacheza shilingi 20 kila mara, mara kumi kwa dakika. Kwa saa moja amecheza mara 600, nazo ni shilingi 12,000 zilizopita katika mashine. Asilimia 10 ya fedha hizo ni shilingi 1,200. Huo ndio wastani wa kile alichoacha nyuma kwa saa moja, na ni zaidi ya ujira wa siku nzima wa vibarua wengi wa Nairobi. Mwenyewe hakuingia na shilingi 12,000 mfukoni. Zile zile mia chache alizokuja nazo zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi, na kila zikienda hupungua.

Hiyo, tumesema, ni mashine isiyodanganya. Je, ile iliyopangwa kurudisha asilimia 60? Au 40? Kwa nje ni sawasawa, taa ni zile zile na muziki ni ule ule. Katika jimbo la Nevada, Marekani, ambako kamari ni kazi kubwa ya nchi, kanuni hazikubali mashine irudishe chini ya asilimia 75. Mkaguzi huko anaweza kufungua mashine na kulinganisha programu iliyomo na ile iliyoidhinishwa. Katika mashine iliyofungwa mnyororo pembeni mwa bucha ya Kangemi, ni nani aliyewahi kulinganisha?

MASHINE KWA JINA JINGINE

Tatizo moja kubwa la wasimamizi wa kamari, si Kenya peke yake, ni majina. Sheria ya 1966 ilitambua kasino upande mmoja, na upande mwingine ikatambua mashine za kujiburudisha, kama zile za michezo ya maonyesho zenye zawadi ndogo ndogo. Masharti ya kila kundi yalikuwa tofauti. Basi mtu mwenye akili ya biashara alijua la kufanya: aliita mashine yake ya burudani. Sarafu inaingia, sarafu inatoka, mtoto analia, lakini jina ni burudani.

Msomaji atashangaa kusikia kwamba mchezo huu huu wa majina umechezwa na matajiri wa Marekani. Huko, wenyeji wa asili wa nchi ile, wale waliozoea kuitwa Wahindi Wekundu, wana maeneo yao yenye mamlaka yao. Kabila la Seminole lilifungua ukumbi mkubwa wa bingo Florida mwaka 1979. Serikali za majimbo zilipinga, kesi zikafika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1987 mahakama ikaamua, katika kesi ya jamii ya Cabazon ya California, kwamba jimbo halina uwezo wa kuwazuia. Mwaka uliofuata, 1988, bunge la Marekani likatunga sheria ya kamari katika maeneo hayo na kuunda tume ya kitaifa ya kuisimamia.

Sheria hiyo iliweka madaraja. Bingo iko daraja la pili, na kabila huisimamia lenyewe pamoja na tume. Mashine za kasino ziko daraja la tatu, nazo hazikubaliwi ila kwa mapatano na serikali ya jimbo. Ikawaje? Watengenezaji wakabuni mashine ambazo ndani yake mna mchezo wa bingo, lakini nje zinazunguka picha kama mashine yoyote ya kasino. Mbishano wa mashine zipi ni za daraja la pili na zipi ni za tatu umeendelea kwa miaka mingi, na umewapa mawakili kazi ya kutosha.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, nayo ni kubwa. Kabila lenye kasino kule huweka wakaguzi wake wenyewe, na mapato yanatakiwa yatumike kwa manufaa ya kabila, kama vile shule, afya na makazi. Sarafu ya Kawangware haijengi shule ya Kawangware.

NANI AMKAGUE MKAGUZI?

Katika nchi zenye udhibiti imara, mashine hupita hatua kadhaa kabla ya kupokea sarafu ya kwanza. Maabara isiyo ya mtengenezaji huipima programu. Kipande chenye programu hupigwa muhuri ili kikiguswa ijulikane. Kila mashine hupewa namba yake, na ndani yake huwa na mita inayohesabu fedha zilizoingia na zilizotoka. Mwisho, mashine huunganishwa kwa mtandao na ofisi ya msimamizi, ili hesabu isingoje mwenye mashine aje aitaje kwa mdomo wake. Afrika Kusini imeziunganisha kwa namna hiyo mashine zake ndogo ndogo zilizo nje ya kasino.

Jirani zetu nao hawakulala. Tanzania ina bodi ya michezo ya kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Uganda ilitunga sheria yake mpya mwaka 2016, na humo ikaweka kwamba asiyefika umri wa miaka 25 asicheze.

Lakini mitambo haimshindi binadamu mwenye nia mbaya. Ron Harris alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika bodi ya kudhibiti kamari ya Nevada, na kazi yake ilikuwa kukagua mashine. Yeye mwenyewe akatia maagizo ya siri katika mashine alizopewa azikague, hivi kwamba sarafu zikiingizwa kwa mpangilio fulani, mashine inatapika fedha. Alikamatwa mwaka 1995, baada ya mwenzake kushinda dola 100,000 katika mchezo wa keno huko Atlantic City na wenye kasino kuingiwa na shaka. Harris alifungwa. Basi ikiwa katika ofisi yenye maabara na wataalamu tele aliweza kutokea mtu wa namna ile, tusidhani kwamba kibandiko cha leseni peke yake kinatosha.

SHERIA MBILI, MLANGO MMOJA

Kwa Kenya kuna tata nyingine. Katiba ya 2010 iliigawa kazi hii. Katika Jedwali la Nne, kamari na kasino zimetajwa kwa serikali ya taifa, na zimetajwa tena kwa serikali za kaunti. Ni kama mlango mmoja wenye mabawabu wawili: kila mmoja aweza kudai ada, na mambo yakiharibika kila mmoja aweza kumnyoshea kidole mwenzake. Mwaka 2021 bunge la kaunti ya Nairobi lilipitisha mswada wa kuzihamisha kamari kutoka mitaani na kuzifungia katika hoteli za nyota tano. Lau maneno ya karatasini yangekuwa ufagio, River Road na Kangemi zingekuwa safi siku ile ile.

Agosti 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Udhibiti wa Kamari, iliyoifuta ile ya 1966 na kuanzisha mamlaka mpya mahali pa bodi ya zamani. Sheria iliyotungwa wakati ambapo simu ya mezani ilikuwa fahari ilikuwa imetawala hadi zama ambapo kila kijana ana kasino mfukoni. Maana tusisahau kwamba mashine ya sarafu ina mdogo wake, naye ni simu. Michezo ile ile ya kubahatisha sasa huchezwa kitandani usiku, bila mnyororo wala ukuta. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalipigwa marufuku kwa siku 30, kwa kuwa yalikuwa yamezidi hata katika saa ambazo watoto husikiliza redio na kutazama televisheni.

LINALOTUHUSU

Sasa turudi kwa yule msomaji wetu aliyeuliza kwamba haramu ina haja gani na ukaguzi.

Hakuna shaka juu ya hukumu. Suratul Maida, aya ya 90, imeitaja maisiri pamoja na ulevi. Suratul Baqara, aya ya 219, haikukana kwamba watu wapata manufaa fulani humo. Ilipima, na madhara yakawa mazito zaidi. Waarabu wa zamani walikuwa wakipiga bao kwa mishale juu ya nyama ya ngamia, na husemwa kwamba walioshinda waliwagawia maskini nyama ile. Hata hivyo ilikatazwa. Itakuwaje basi mashine ambayo maskini ndiye ngamia mwenyewe?

Lakini serikali ya Kenya si ya Waislamu peke yao, na sheria yake inaruhusu kamari kwa masharti. Madhali imeruhusu, kuna dhulma ya pili juu ya ile ya kwanza: kumdanganya aliyekwisha kupotea. Dini yetu haikuliacha jambo la udanganyifu wa vipimo. Suratul Mutaffifin yote ina jina la wapunjaji, na katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwapo muhtasib, ofisa aliyezunguka sokoni akitazama mizani na vibaba. Kumtaka mkaguzi si kuihalalisha kamari. Ni kukataa mnyonge aporwe mara mbili.

Angalia bucha yoyote ya Nairobi. Mizani ya nyama inatakiwa ipimwe na kupigwa muhuri na maofisa wa vipimo, na mwenye bucha anajua kwamba akikutwa na mizani isiyo na muhuri atashtakiwa. Hatua mbili kutoka mizani hiyo imesimama mashine inayopima fedha za watu kutwa kucha, haina muhuri, haina jina la mwenyewe. Kilo ya nyama ina mlinzi, mshahara wa mtu hauna. Hilo ndilo la kuiuliza mamlaka mpya, na tuliulize kwa sauti.

Kisha kuna upande wetu wenyewe. Mwenye duka Mwislamu, awe Eastleigh, Kawangware au Majengo ya Mombasa, anayekubali mashine iwekwe mlangoni pake kwa kuwa yeye hachezi, ajiulize fungu lake latoka wapi. Suratul Maida hiyo hiyo, katika aya yake ya pili, imeweka mipaka ya kusaidiana, na kodi ya pembe ya duka ni msaada. Mzazi naye anayempeleka mwanawe Nairobi kwa masomo au kazi, pamoja na kumwonya juu ya wezi wa mfukoni wa River Road, amweleze ile hesabu ya shilingi 1,200 kwa saa. Vijana wengi wamekwisha kusikia kwamba kamari ni haramu. Wachache wameonyeshwa jinsi inavyofanya kazi, na aliyeonyeshwa huona kwamba pale hapana bahati, pana hesabu iliyokwisha pigwa na mtu mwingine.

Kwa wenye madaraka tuna ombi dogo na la wazi. Kila mashine inayoruhusiwa iwe na namba, jina la mwenyewe, na kiwango inachorudisha kilichoandikwa kwa Kiswahili mahali panapoonekana. Isiyo na hayo isikae hata siku moja karibu na shule au duka la unga. Na anayeiingiza bandarini Kilindini kwa jina la burudani aulizwe pale pale bandarini, kabla haijapanda lori la Nairobi. Chombo huzuiwa kikiwa bado gatini. Kikishatweka tanga, tutabaki kukitazama tu.